Mwali wa Nane

Vinane!

Hukusoma vibaya Jumamosi iliyopita, msomaji wangu. Mabinti waliingia kwenye kibanda cha unyago wakiwa saba. Leo ndiyo siku ya kutolewa, wageni wa meli wameshapanda kutoka Mtwara kuja kutazama, magari yao yananguruma nje ya ua. Na Yuster, aliyetumwa kuwaandaa mabinti, amesimama mlangoni anahesabu vichwa vinane chini ya kanga.

Akahesabu tena. Vinane.

Hakupiga kelele. Yuster si mtu wa kelele. Tangu amalize darasa la saba na kukabidhiwa jembe, amejifunza jambo moja ambalo hakuna mwalimu aliyemfundisha: ukinyamaza, vitu hujionyesha vyenyewe. Basi akanyamaza, akatazama miguu.

Jozi saba zilikuwa na nyufa za mchanga wa Newala. Jozi ya nane, ya yule aliyejikunja pembeni kabisa, ilikuwa na visigino laini vilivyopauka, kama vya mtu aliyekaa miaka ndani ya viatu vya kufunika.

"Wewe nani?" akanong'ona.

"Funga pazia kwanza. Unauliza maswali mlango wazi, Yuster? Hujaacha?"

Yuster akalivuta pazia. Sauti ile alikuwa hajaisikia miaka sita.

"Dada Flora?" Kisha, kwa kuwa mdomo ulikosa kingine cha kusema, "Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize, muda hamna."

Mabinti saba hawakutikisika. Mwali hasemi, hata nyumba ikiungua.

Flora akajifunua kidogo, jicho moja tu. Alikuwa mfupi tangu zamani, kimo cha mtoto wa darasa la sita, na huko alikokuwa hakuongezeka hata inchi moja. Miaka sita anafua mashuka kwenye tumbo la meli ya watalii. Leo alipandishwa Newala pamoja na wageni kwa kazi ya kuwabebea maji. Walipofika kwa wachonga vinyago akapenya nyuma ya vibanda, akakimbia.

"Unamkimbia nani?"

"Felician. Yule wa karatasi, anayeongoza wageni. Ndiye aliyetuajiri, ndiye anayeshika paspoti zetu." Flora akachungulia pazia. "Chumbani nilikaa na Violet, binti wa Nachingwea. Violet akamwambia Felician anataka paspoti yake arudi kwao. Alfajiri moja nikamwona Felician anapanda naye ngazi kwenda juu. Felician akashuka. Violet hakushuka. Wakaandika kwamba kajirusha."

"Yeye anajua kwamba uliona?"

"Juzi kaniletea viatu vya Violet. Kaniambia, 'Vaa, Flora, vinakutosha. Baharini hakuna makaburi.'"

Yuster akakaza kanga kiunoni.

"Twende polisi."

"Keshatangulia. Ana karatasi inayosema nimeiba pete ya abiria. Mimi nina nini mkononi? Kanga ya kuazima." Akamshika mdogo wake kifundo cha mkono. "Magari yanatoka hapa saa saba, wakichelewa meli inawaacha. Nikijificha mpaka saa saba, nimepona. Nikipandishwa kwenye gari na yule mtu, Yuster, hutaniona tena."

Pazia likafunguka. Wote wawili wakaganda.

Aliyeingia alikuwa Mama Dickson, kungwi mwenyewe, mikono yote miwili imejaa unga.

"Huyu nani kaingia uwali bila mama yake kuleta kuku?"

Yuster akamweleza kwa maneno machache. Kungwi akamwinua Flora kidevu, akamtazama kama mtu anayekagua mtungi wake aliouazimisha.

"Huyu nilimfunda mimi," akasema. "Miaka kumi na saba sasa. Alikuwa mkaidi, akanimalizia fimbo za mpera. Mwali wangu ni mwali wangu, hata angetokea Ulaya. Inama!"

Flora akainama.

"Inama zaidi. Meli imekunyoosha mgongo kama mlingoti. Hivyo! Utakuwa wa mwisho kwenye mstari. Sema neno moja uone."

"Hodi, akina mama!"

Ilikuwa sauti ya kiume, nyororo, imepakwa mafuta. Wanawake waliokuwa uani wakapiga kelele zote kwa pamoja, "Mwanaume haingii! Mwanaume haingii!"

Felician alikuwa amesimama kwenye lango la ua, shati jeupe limepigwa pasi, karatasi kwapani. Nyuma yake dereva alibeba furushi la vitenge vya bluu, vipya, vyote vya rangi moja.

"Shikamoo, mama," akamwambia kungwi aliyetoka kumkabili.

"Marahaba. Ishia hapo hapo."

"Nimeishia. Wageni wangu wamewaletea mabinti zawadi. Wanaomba wafunikwe hivi vitenge, wawe sare, picha zipendeze."

Kungwi akavitazama vitenge. Desturi ni kila mama kuleta kanga yake, na kwa kanga hiyo kumjua mwanawe katika mstari. Lakini wanawake walishaona vile vitenge, na vigelegele vilishaanza. Nani akatae nguo mpya mbele ya wenzake?

"Mliniambia mabinti ni saba," Felician akaendelea, huku jicho lake likipita juu ya bega la kungwi mpaka kwenye upenyo wa pazia. "Mbona naona kama wamezidi?"

Yuster, nyuma ya pazia, akasogea kuuziba upenyo.

"Baba," kungwi akasema, "mwali hahesabiwi kama kuku. Kwenu ninyi mlihesabiwa? Ndiyo maana mmetoka wachache."

Ua mzima ukacheka. Felician naye akacheka. Kisha, bado anacheka, akapiga hatua mbili ndani na kunyoosha mkono kuelekea pazia.

Lo! Kicheko kilikatika kama kamba. Wanawake thelathini walisimama kwa mara moja, wenye miiko na wenye michi, na mmoja akaanzisha wimbo ule ambao gazeti hili haliwezi kuuandika, unaomtaja mwanaume aliyechungulia unyagoni na kilichompata. Wakamsogelea wakiuimba, hatua kwa hatua, taratibu.

Felician akarudi kinyumenyume mpaka nje ya lango.

"Samahanini, mama zangu. Mila ngeni kwangu."

Alisema hivyo, lakini macho yake hayakuomba samahani.

Yuster hakungoja. Akapita nyuma ya kibanda mpaka jikoni, akamkuta mama yake anapepeta mchele. Mama Flora akasikiliza habari yote bila kuuacha ungo. Ila mchele ulianza kumwagika upande mmoja.

"Mwanangu yupo hapa? Hapa hapa?"

"Usilie, mama. Watu wanatuona. Mstari ukishafika kiwanjani, akina mama mtaitwa kila mmoja achukue wake kwa nafasi yake mstarini, maana kanga hazipo. Wewe mchukue wa mwisho. Umenisikia? Wa mwisho. Mpeleke nyumbani moja kwa moja. Nimeshamtumia ujumbe Edson wa bodaboda, anaweka pikipiki nyuma ya nyumba, atampeleka Masasi. Akishafika Masasi, magari ya Songea hayakosi."

"Nikitaka kumwona uso?"

"Mpaka ndani. Mwali hafunuliwi njiani."

"Nisifundishwe mimi," mama akasema, akajifuta pua kwa upindo wa kanga. "Mwali anayefunuliwa njiani hubaki njiani. Najua."

Saa sita na nusu ngoma zikalia.

Wakatoka wote wanane wamefunikwa bluu tupu kutoka utosini hadi magotini, wameinama, kila mmoja kashika kiuno cha aliye mbele yake. Wa mbele kabisa alikuwa Anjelina, mtoto wa Mama Sultani. Wa mwisho alikuwa Flora. Kiwanjani wageni walijipanga kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wamevaa vibandiko vya namba vifuani, kamera zinalia kama panzi.

Yuster akawa anatembea ubavuni mwa mstari, macho hayabanduki kwa yule wa mwisho. Akajisemea, nusu saa nyingine. Vumilia, dada. Nusu saa.

Mkono ukamgusa begani.

"Dada Yuster. Njoo jikoni kidogo. Wageni wanalalamikia chai."

Hakuwa amemwambia Felician jina lake.

Jikoni hapakuwa na mgeni wala chai iliyolalamikiwa; wanawake wote walikuwa kiwanjani. Felician akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akachomoa picha kutoka kwenye karatasi zake. Flora, kavaa sare nyeupe, anatabasamu.

"Mnafanana macho," akasema.

"Wamakonde wote tunafanana, ukitutazama kwa haraka," Yuster akajibu.

"Mimi sitazami kwa haraka. Mwenzangu pia hutazami kwa haraka, nimekuona tangu asubuhi. Umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"Inatosha. Kufua mashuka hakuhitaji zaidi." Akairudisha picha taratibu. "Sikiliza. Kitanda cha dada yako kwenye meli hakiwezi kukaa kitupu. Ndivyo kazi yetu ilivyo. Akipanda yeye, vizuri. Asipopanda, nitarudi hapa Newala kwa gari dogo, bila wageni na bila ngoma, nitafute wa kukilalia. Wewe unaonaje?"

Nje ngoma zilikuwa zimebadilika mdundo. Yuster aliusikia mdundo huo, akataka kutoka. Felician akanyoosha mguu, akauweka katikati ya mlango. Hakumgusa.

"Sijamwona Flora miaka sita," Yuster akasema. "Mkinipa habari zake nitashukuru. Mama yetu anauliza kila siku."

Walitazamana. Inzi akatua kwenye sufuria, akaruka, akatua tena.

"Unajua kusema uongo," Felician akasema kwa upole. "Ungefaa melini."

Akauondoa mguu.

Yuster alitembea mpaka kona ya nyumba kwa mwendo wa kawaida. Baada ya kona alikimbia. Alipofika kiwanjani akina mama walikuwa wameshaitwa. Vigelegele, vumbi, unga unarushwa hewani. Akatafuta mwisho wa mstari.

Pale! Mama yake alikuwa amemshika mkono yule wa mwisho, kamkumbatia chini ya kwapa, na walikuwa wameshavuka turubai wanashika njia ya nyumbani. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Mama wa chuma yule!

Yuster akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu asubuhi.

Felician naye alikuwa amefika. Hakuwatazama waliokuwa wanaondoka. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mstari, pale mwali wa kwanza aliposhikwa mkono na Mama Sultani, akachuchumaa kufunga kamba ya kiatu. Akaifunga kamba ile kwa muda mrefu mno. Aliposimama, uso wake ulikuwa umechangamka.

"Mama, unakaa wapi?"

"Njia ya Tandahimba, baba. Hapo mbele tu, kijiji cha kwanza."

"Ndiyo njia yetu! Usimtembeze binti juani. Ile Kosta yangu ya nyuma ina nafasi. Pandeni."

"Mimi? Kwenye gari la meli?" Mama Sultani akawageukia wenzake. "Mmesikia, jamani? Leo hamtanisalimia tena! Mtaomba miadi!"

"Usisahau kushuka, ukafika Ulaya na kapu la mabibo," mmoja akamtania, watu wakaangua kicheko.

Na Yuster, Mungu amsamehe, naye alicheka. Alicheka kwa furaha. Achukue huyo, akajisemea. Achukue wa kwanza ampeleke hadi kwa mama yake mwenyewe, wetu keshaondoka.

Hata akasaidia. Ngazi ya Kosta ilikuwa ndefu, na mwali aliyefunikwa haoni mbele, anaona ardhi tu. Yuster akamshika mkono juu ya kile kitenge, akamwinua. Vidole vile vikambana kwa nguvu, kwa nguvu kabisa, mpaka ikambidi avibandue kimoja kimoja.

"Usiogope, mwali," akamwambia kwa sauti ya chini. "Ni gari tu."

Felician alikuwa hatua moja pembeni yao, amewashikia mlango.

Basi kubwa la wageni likatangulia. Felician akapanda Kosta, akafunga mlango, akaangalia karatasi yake. Yuster alimsikia kupitia dirishani akimwambia dereva, "Tumetimia. Twende."

Tumetimia?

Vumbi lilikuwa halijatua, na neno lile lilikuwa limemkaa Yuster sikioni kama mdudu. Mtu kapotelewa na mfanyakazi. Asubuhi nzima kamtafuta. Kamtishia mtu jikoni. Halafu anaondoka saa saba kamili, uso umechangamka, anasema tumetimia?

Akaanza kutembea. Kisha akakimbia. Akapita mikorosho ya mzee Alfredi, akaruka handaki la bomba la maji, kandambili moja ikabaki humo na hakuirudia.

Edson alikuwa juu ya pikipiki, injini inawaka. "Naona kimya," akasema. "Mama kaingia naye ndani, mlango kaufunga. Abiria wangu vipi?"

Yuster akasukuma mlango.

Mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka, amenyoosha miguu, mikono imelala mapajani kama si yake. Kitenge cha bluu kilikuwa chini. Mbele yake, amefunuliwa, ana unga usoni na macho ya kondoo, alikaa Anjelina wa Mama Sultani.

"Yuster," mama akasema taratibu, "nilichukua wa mwisho. Kama ulivyoniambia. Nilichukua wa mwisho."

Yuster akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Anjelina! Wewe ulikuwa wa kwanza. Imekuwaje?"

Mtoto akabana midomo. Mwali hasemi.

"Nakuruhusu! Dhambi iwe yangu. Sema!"

"Mzungu mwenye kamera kubwa," Anjelina akasema, machozi yanachimba njia kwenye unga. "Alisema jua liko nyuma yetu, nyuso hazionekani."

"Nyuso zipi, na mmefunikwa!"

"Sijui, dada. Kungwi akatugeuza wote. Wa mwisho akawa wa kwanza."

Yuster akakitazama kiganja chake. Alama za kucha zilikuwa bado zipo, nne, nyekundu. Vidole alivyovibandua kimoja kimoja. Na Felician, pale alipochuchumaa, hakuwa anatazama kamba; alikuwa anatazama visigino.

Mama Flora akatoa sauti moja tu, si kilio, kama mtu aliyechomwa mwiba akiwa usingizini.

"Mama yako ana simu?" Yuster akauliza. "Unaijua namba?"

Anjelina aliijua. Iliita mara sita. Ya saba ikapokewa, na mngurumo wa Kosta ukajaa chumbani.

"Haloo! Nani mwenzangu?"

"Shikamoo, Mama Sultani. Ni Yuster. Mko wapi?"

"Marahaba. Ndiyo nashangaa, mwanangu. Tumepita kwetu! Nimegonga bati mpaka ngumi imeniuma, dereva hasimami, anaongeza moto tu."

"Basi kubwa mnaliona mbele yenu?"

"Lile limenyoosha barabara ya Mtwara. Sisi tumekata kulia, njia ya vumbi. Mikorosho mitupu. Tunateremka."

Edson, aliyekuwa amesimama mlangoni, akatikisa kichwa. Kulia ni kuteremka Ruvuma. Huko hakuna bandari wala meli. Kuna mto na ng'ambo ya pili.

"Mama Sultani, nisikilize. Huyo mwali uliye naye—"

"Ngoja, ngoja. Gari limesimama." Injini ikazimika. Mlango wa Kosta ukasikika unaburuzwa. "Huyu baba ananiambia nishuke. Hapa porini! Eti nishuke mimi, mwali abaki. Weee! Nimwache mwanangu nimekuwa kichaa? Sishuki! Nipige, niue, sishuki!"

"Mama, zima hiyo simu," sauti nyororo ikasema, karibu sana.

"Sizimi!"

Kikasikika kishindo, kama kiti kimepigwa teke. Ndipo chumba kizima, mama na mtoto na Edson mlangoni, wakasikia sauti ya mwali ambaye hakutamka neno tangu ngoma zianze. Haikutetemeka.

"Shuka, Mama Sultani. Mimi si mwanao. Shuka ukimbie."

Simu ikakatika.